Samaki wa Uvira wasibaki Ulaya tu

Hapa Uvira tunajua ndagala na mukeke, sababu njo vinatulisha. Lakini kati ya mawe ya pembeni ya ziwa Tanganyika munaishi samaki wadogo wa rangi ambao bazungu wanawafuga nyumbani, katika masanduku ya kioo yenye maji. Mmoja anaitwa Julidochromis marlieri. Jina hilo alipewa mwaka 1956, kwa heshima ya Georges Marlier, mtafiti aliyefanya kazi hapa hapa Uvira.

Kule Ulaya, mwenye kumfuga anapima maji na kuyabadilisha kila mara. Na sisi? Tunakata miti ya mlima, tunalima hata kwenye miteremko mikali. Mvua ikinyesha, udongo unashuka ziwani na kufunika mawe. Samaki huyu hahami mbali: mawe yake yakijaa tope, kwao kumeisha.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na kubomoa nyumba zetu, tope halichagui. Basi tupande miti kule juu, kwa ajili yetu na yao. Ao tunangoja siku batoto wetu wataomba visa ili waone samaki wa Uvira?