Wakati wa mvua, filtre ya hewa ya pikipiki si pambo

Huku kwetu Butembo na Lubero pikipiki si chombo cha matembezi. Ndiyo inayomfikisha mama mwenye uchungu kwenye kituo cha afya usiku. Ndiyo inayoshusha viazi na maharagwe kutoka vijijini. Na tangu mapigano ya Kanyabayonga ya mwezi wa sita 2024, ndiyo iliyobeba watoto, magodoro na masufuria ya familia nyingi zilizokimbilia upande wa Lubero na Butembo. Kwa hiyo pikipiki ikiugua, shida si ya motari peke yake. Ni ya kila mtu anayeitegemea.

Leo nataka kusema juu ya kipande kidogo ambacho abiria wengi hawajawahi kukiona: filtre ya hewa, yaani lile chujio linalosafisha hewa kabla haijaingia katika injini. Maoni yangu ni mawili. La kwanza, tabia ya kung'oa boksi la filtre lililotoka kiwandani na kufunga filtre ya wazi ya kununua sokoni haifai kwa barabara zetu, zaidi sana wakati wa mvua. La pili, gharama ya kutunza filtre isiachwe juu ya mgongo wa motari peke yake.

Tuanze na kazi yake. Injini inapumua kama mtu. Kila inapozunguka inavuta hewa, inaichanganya na esanse, kisha inachoma. Wakati wa kiangazi, hewa ya barabara zetu imejaa vumbi jekundu. Vumbi hilo likipita, linakwangua silinda na ringi za pistoni kama mchanga unavyokwangua sufuria. Hutaona kitu siku ya kwanza. Baadaye mafuta ya injini yanaanza kupungua bila kuvuja, moshi wa buluu unatoka, na pikipiki inashindwa mlima iliyokuwa inaupanda na abiria wawili. Hapo fundi atakuambia kufungua injini yote, na bei ya kazi hiyo inapita mbali bei ya filtre.

Mvua zinapokuja, adui anabadilika. Sasa ni maji. Ndiyo sababu kiwanda kiliificha filtre ndani ya boksi, na mdomo wa boksi ukawekwa mahali ambapo maji yanayorushwa na magurudumu hayafiki kwa urahisi. Kwenye pikipiki nyingi, chini ya boksi hilo kuna kimpira au kibomba kidogo chenye kizibo. Maji na mafuta yaliyopenya yanakusanyika hapo, nawe unayatoa. Wengi wanapita miaka bila kukigusa.

Filtre ya wazi, ile yenye umbo la koni inayofungwa moja kwa moja nyuma ya kabureta, haina nyumba. Inakaa katikati ya matope na manyunyu. Najua kwa nini vijana wanaipenda. Inatoa mngurumo mkubwa, inapendeza kwa rangi, na muuzaji anasema inaongeza nguvu na inaoshwa mara nyingi bila kununua mpya. Hilo la kuoshwa ni kweli kwa zile za kitambaa cha pamba zilizotengenezwa vizuri. Lakini nguvu si ya bure. Hewa ikiingia nyingi bila kabureta kurekebishwa, esanse inakuwa kidogo kwa hewa ile, na injini inachemka kupita kiasi. Kwa pikipiki inayopanda milima na mzigo kutwa nzima, huko ni kuichosha kabla ya wakati wake.

Mvua kubwa ikiipiga, filtre inalowa. Filtre iliyolowa inaziba, hewa inapungua, pikipiki inakohoa, inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Wengine wanaifunga sashe ili isilowe. Huko ni kuiziba pua, na sashe yenyewe inaweza kuvutwa na kufunga njia yote ya hewa. Hatari kubwa zaidi iko kwenye madimbwi na vijito vinavyofurika. Injini ikivuta maji, pistoni inajaribu kuyabana, na maji hayabaniki kama hewa. Mkono wa pistoni unaweza kupinda palepale. Pikipiki imekufa, mvua inanyesha, abiria yuko nyuma, na kiza kinaingia. Katika barabara zetu, kusimama njiani usiku si jambo la kuchezea.

Kwa hiyo, kama boksi lako bado lipo, libakishe. Kama ulilitoa na liko nyumbani, lirudishe kabla ya mvua. Kama halipo tena, basi angalau itunze filtre uliyo nayo kwa njia yake, kwa maana hazitunzwi namna moja.

Ya karatasi haioshwi wala haipakwi mafuta. Igongegonge taratibu vumbi lianguke, au ipulize kutoka ndani kwenda nje. Ikilowa, ikipasuka au ikiwa nyeusi, badilisha.

Ya sponji, kama ile ya godoro, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ikamue kwa kuibana katikati ya viganja, usiisokote kama nguo, itachanika. Ikaushe kivulini mpaka ikauke kabisa. Kisha ipake mafuta kidogo, ibane yaenee na yaliyozidi yatoke. Mafuta ndiyo yanayoshika vumbi. Sponji kavu inaacha vumbi laini lipite.

Ya kitambaa cha pamba, ioshe kwa sabuni laini na maji yasiyo na nguvu, ukiisuuza kutoka ndani kwenda nje ili uchafu utoke ulikoingilia. Usitumie esanse, maana inaharibu mpira na gundi, tena inaweza kukuunguza. Usiipulize kwa kompresa, na usiikaushe karibu na makaa. Ikikauka kivulini, ipake mafuta yake kwa kipimo. Yakizidi, yanavutwa mpaka kabureta.

Mara ngapi? Hapa kwetu, ambako barabara nyingi ni udongo, usingoje kilometa zilizoandikwa katika kitabu cha kiwanda. Fungua uangalie kila wiki, na tena siku iliyofuata mvua kubwa. Kibomba cha chini ya boksi, kifungue wakati huohuo. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliyeizoea.

Na filtre nzuri haimfanyi mtu apite popote. Dakika za mwanzo za mvua ndizo zinazoteleza zaidi, kwa sababu maji yanachanganyika na vumbi na mafuta yaliyo barabarani. Punguza mwendo, acha nafasi kubwa mbele yako, bana breki zote mbili polepole, na usikanyage breki kwa ghafula ukiwa kwenye kona. Dimbwi usilolijua kina chake, shuka kwanza ulipime kwa fimbo. Maji yakifika karibu na filtre au kabureta, usipite. Ukilazimika kuvuka maji mafupi, abiria ashuke, tia gia ya kwanza na ushike mwendo mmoja bila kuachia esanse. Injini ikizimikia majini, usiilazimishe kuwaka. Isukume mpaka pakavu, toa buji, angalia filtre, kisha piga kiki taratibu ili maji yaliyo ndani yatoke kwenye tundu la buji.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Wamotari wengi hawana pikipiki zao. Kila jioni wanampelekea mwenye pikipiki kiasi walichopatana, mvua inyeshe isinyeshe. Kati yao wako vijana wahami waliofika hapa na nguo za mwilini tu, na ambao hawawezi kubishana na mtu aliyewapa kazi. Mwenye pikipiki akisema filtre ni shauri la motari, motari atanunua ya bei ya chini kabisa, au hatanunua. Injini ikiharibika, deni linamwangukia yeye, na familia yake inarudi kulala njaa. Naona hiyo si haki. Tena si akili ya biashara, kwa sababu mwenye mali ndiye anayepoteza mali.

Mapatano yawe wazi tangu siku ya kwanza, mbele ya shahidi: mwenye pikipiki anunue filtre na mafuta ya injini, motari aisafishe na kuiangalia. Siku moja ya wiki, saa chache za asubuhi ziwe za matunzo, na malipo ya jioni ile yapunguzwe. Vyama vya wamotari vingeweza kusimamia jambo hili. Vinajua kuita mikutano barabara inapofungwa. Viite pia mmoja kabla ya mvua, fundi mmoja aonyeshe kazi hii mbele ya wote.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Motari akisimama chini ya paa la duka na kusema, "Tungoje kidogo," tusimtukane wala kutishia kupanda pikipiki nyingine. Tukiwa wanne na mizigo juu ya pikipiki moja, tujue injini hiyo inavuta hewa kwa nguvu zaidi katika matope yaleyale. Na kama kuna mgonjwa au mama mjamzito nyumbani, tusisubiri usiku wa mvua ndipo tutafute usafiri. Tumtafute mapema motari tunayemjua, tumuulize lini alifungua filtre yake mara ya mwisho. Asiyekumbuka, tumwombe kwa heshima aifungue leo kabla ya kutubeba.