Tarumbeta Jipya Lisilale Karibu na Zizi



Juma hili tuongee juu ya mali isiyo ya mtu mmoja. Vigango vingi vyatamani kuwa na matarumbeta ya kuongoza maandamano ya Ekaristi Takatifu, ya kumpokea Askofu na ya kuwasindikiza maarusi. Ni tamaa njema. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 10, twasoma ya kuwa Mungu alimwagiza Musa kufanyiza tarumbeta mbili za fedha, za kuwakusanya watu na kuwaongoza safarini. Na hapa Afrika Mashariki mlio huo si mgeni: ngoma ya beni, iliyoiga bendi za askari, ilianza huko pwani katika miaka ya 1890, kisha ikaenea mpaka bara.

Lakini tazameni tarumbeta la kigango linavyopatikana. Jumuiya ndogo ndogo huchanga. Huyu ametoa debe la mtama, yule kuku wawili, na mjane ametoa alichokuwa nacho. Mtu hutumwa Mwanza, na chombo huja kikimeta kama jua. Padre hukibariki, akina mama hupiga vigelegele. Mwaka mmoja ukipita, ukikitazama wadhani kimefukuliwa ardhini. Nani amekiharibu? Kila mtu asema si yeye, na pengine ni kweli kwamba hakuna aliyekiangusha. Kimeharibika kwa kusuguliwa vibaya na kwa kulazwa mahali pabaya.

Litungu lina mwenyewe, naye hulitunza kama mwanawe. Tarumbeta la kigango ni la wote, na kitu cha wote mara nyingi huwa hakina mtu. Basi tujifunze kulitunza, ili sadaka ya mjane yule isipotee bure.

JUENI LIMEVAA NGUO GANI

Tarumbeta hufanyizwa kwa shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Kwa kawaida katika sehemu 10, sehemu 7 hivi ni shaba nyekundu na 3 ni zinki. Shaba hiyo ikiachwa uchi hugeuka rangi: kwanza kahawia, baadaye kijani. Kwa hiyo mafundi huivika nguo.

Nguo ya kwanza ni vanishi. Ni ngozi nyembamba mno, hupitisha macho kama kioo, nayo huzuia hewa na jasho visiifikie shaba. Nguo ya pili ni fedha. Chombo chake huwa cheupe, si cha manjano. Yako na matarumbeta yasiyovaa kitu. Siku ya kununua, mwulizeni muuzaji ni la namna gani, na jibu lake liandikwe daftarini, kwa maana kila namna ina matunzo yake.

Lenye vanishi halitaki dawa yoyote ya kung'arishia shaba, hata Braso. Dawa hizo zina unga wa kusugulia. Huing'arisha shaba iliyo uchi, lakini vanishi huichuna. Vanishi ikichunika mahali pamoja, jasho hupenya hapo na doa hutambaa chini yake. Lenye vanishi hufutwa tu kwa kitambaa laini, basi.

Lenye fedha huingia weusi, hasa likikaa pamoja na vitu vya mpira au mayai, kwa sababu ya salfa iliyomo. Lina kitambaa chake maalumu kilichotiwa dawa ya fedha. Kitumieni mara chache, kwa kuwa kila msuguo huondoa fedha kidogo. Lisilovaa kitu ndilo pekee linalostahimili dawa ya shaba, nalo pia kwa kiasi.

Hapa nawasihi akina mama, ambao ni hodari wa kung'arisha sufuria kwa majivu na mchanga. Sufuria huvumilia. Tarumbeta ni bati jembamba lenye nguo nyembamba zaidi. Nimeliona moja, katika kigango nisichokitaja, lililosuguliwa kwa majivu na ndimu mkesha wa Pasaka. Asubuhi lilimeta kweli kweli, na watu wakalisifu. Kufika Pentekoste lilikuwa na madoa kama ngozi ya chui.

VIFAA VYA KUNUNUA

Muuzaji wa mjini atawaonyesha vitu vingi vizuri, hata vya kupunguzia sauti. Huku kwetu, ambako tarumbeta hupigwa nje watu wasikie ng'ambo ya bonde, hicho hatukihitaji. Fedha ikiwa kidogo, nunueni kwa utaratibu huu.

Kwanza, kila mpigaji awe na kikombe chake cha kupulizia, yaani kile kipande kidogo kinachotiwa mdomoni. Watu watatu wakipokezana kimoja, hupokezana na mate na maradhi. Ikiwa hamna budi kupokezana, kioshwe kwa maji na sabuni kila kinapobadili mdomo. Vingi vimepakwa fedha. Fedha ikiisha na shaba kuonekana, midomo yaweza kuwashwa. Hapo kitafutwe kingine.

Pili, sanduku gumu linalokifuata chombo umbo lake. Mfuko wa kitambaa haukingi kitu juu ya pikipiki wala katika gari la abiria. Na ndani ya sanduku pasitiwe vitabu wala kikombe kinachogongagonga. Huko ndiko yanakotoka mabonyeo mengi.

Tatu, mafuta ya pistoni kwa vile vitufe vitatu, na grisi ya mirija ya kuvuta. Msitie mafuta ya kupikia wala ya nazi: huganda, hushika vumbi, na vitufe hukwama katikati ya wimbo.

Nne, burashi mbili: ndogo ya kikombe, na ndefu inayopindika ya kupita ndani ya mirija.

Tano, kipande cha ngozi cha kufungia mahali mkono unaposhika. Ni kitu kizuri, kwa kuwa hapo ndipo jasho lenye chumvi huila vanishi. Lakini kivuliwe mara kwa mara na pafutwe chini yake. Ngozi iliyolowa jasho ikiachwa imefungwa huharibu kuliko mkono mtupu.

Vitambaa msinunue. Fulana ya pamba iliyochakaa, ikifuliwa vizuri na kukatwa vipande, yatosha mwaka mzima.

KAZI YA KILA SIKU

Kabla ya kupiga, mpigaji asukutue mdomo kwa maji. Kwenye arusi huletwa soda na pilau, na mpigaji hupuliza vyote viwili ndani ya mirija. Uchafu ule mtamu hukaa ndani na kuila shaba. Zinki hutoka, na kwa nje hutokea vidoa vyekundu. Doa la namna hiyo halifutiki, kwa sababu limetoka ndani. Asubiri amalize kupiga, ndipo ale kwa amani.

Baada ya kupiga, afungue tundu la maji, apulize mate yatoke, afute chombo chote, hasa pale aliposhika, kisha akilaze sandukuni kikiwa kikavu. Mvua ikiwapata njiani, wakifute kwanza wao wenyewe kabla hawajafuta nyuso zao. Kazi hii yote haifiki dakika 5.

Kila mwezi au miezi miwili chombo kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Maji ya moto hayafai. Vanishi huvimba na kubanduka. Pistoni zitolewe kwanza na kufutwa mbali, na kila moja irudi tunduni mwake kwa namba yake. Kisha kikaushwe kivulini, si juu ya bati juani. Kikombe kikinasa, kisigongwe wala kisivutwe kwa koleo. Fundi ana chombo chake cha kukitolea.

MAHALI PA KULALA

Sasa nafika kwenye neno kubwa. Huku kwetu Ringwani, na kote Serengeti na Tarime, ng'ombe ni heshima ya nyumba, na zizi li karibu na mlango. Mwenye kutunza tarumbeta hulitundika ukutani, upande wa pili ng'ombe wanalala. Haoni ubaya.

Sikilizeni habari moja ya kweli. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza huko India liliweka risasi zake katika mazizi ya farasi wakati wa masika. Maganda ya risasi yalikuwa ya shaba ya manjano. Yalipasuka yenyewe, bila mtu kuyagusa. Watu walishangaa miaka mingi, mpaka mwaka 1921 wataalamu wa Kiingereza walipoeleza sababu yake: mkojo wa wanyama hutoa hewa kali iitwayo amonia, nayo ikikutana na unyevu huipasua shaba iliyopigwa na kukunjwa na fundi. Tarumbeta nalo ni shaba iliyokunjwa.

Harufu ile inayochoma pua mtu anapoingia zizini asubuhi ndiyo hiyo amonia. Hupatikana pia katika banda la kuku, na penye kinyesi cha popo. Basi dari ya sakristia ikiwa na popo, nako si mahali pa kuweka matarumbeta. Jikoni pia hapafai, kwa ajili ya moshi na masizi. Lifaalo ni chumba kikavu chenye hewa safi, mbali na mifugo, sanduku likae juu ya meza au kichanja, si sakafuni.

NANI ASHIKE UFUNGUO

Nawashauri wazee wa kanisa wafungue daftari. Iandikwe siku tarumbeta lilipofika, namna ya nguo yake, na vifaa vyake kimoja kimoja. Kila anayelichukua atie sahihi. Kila anayelirudisha, lifunguliwe na kutazamwa mbele yake. Hivyo ugomvi hautakuwapo, wala mtu hatasingiziwa.

Na kazi ya kulifuta wapeni vijana, kwa zamu, wavulana na wasichana. Wazazi, msiseme hiyo ni kazi ndogo. Bwana wetu alifundisha ya kuwa uaminifu hupimwa katika mambo madogo. Kijana anayefuta tarumbeta kila Jumapili wakati wenzake wamekwisha kwenda kula, huyo kesho mwaweza kumkabidhi sanduku la fedha la kigango bila hofu.

Tarehe 22 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Siku hiyo fungueni sanduku mbele ya jumuiya zote, wale waliochanga walitazame tarumbeta lao. Yule mjane naye aitwe, alione kwa macho yake.

Mungu awabariki nyote.