Mwili Hausomi Kalenda

Kila mara mada ya wanawake jeshini ikizuka, kuna msee lazima aseme: "Kipimo ni kipimo." Anasema hivyo kama mtu aliyefunga mlango na kuondoka na ufunguo. Eti adui hatakungoja umalize kunyonyesha. Watu wanacheka, mjadala unaisha. Mimi ningependa tuufungue tena, kwa sababu wengi wanaokitetea hicho kipimo hawajawahi kuuliza kinapima nini.

Tuchukue jeshi la Marekani, na si kwa sababu tunapenda mambo ya ng'ambo. Wakenya wako huko. Kuna walioingia wakitafuta uraia, kuna waliotafuta karo, kuna waliotaka tu mshahara unaofika mwisho wa mwezi. Mpango wa MAVNI, ulioanza 2009, uliwasajili wahamiaji wanaojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Kwa hivyo binti wa Eldoret anayekimbia na saa akiwa na mtoto wa miezi michache si habari ya wenyewe. Ni wetu.

Kuanzia 2022 mtihani wao rasmi wa mwili, ACFT, ulikuwa na sehemu sita: kunyanyua chuma kizito kutoka chini, kurusha mpira wa kilo 4.5 kinyumenyume juu ya kichwa, presapu, kukimbia huku ukiburuta na kubeba mizigo, kushikilia planki, halafu mbio za maili 2, yaani kama kilomita 3.2. Mwaka wa 2025 wakabadilisha jina na kuondoa kurusha mpira, zingine zikabaki. Ukianguka, faili yako inawekewa alama. Hupandishwi cheo, kozi zinakupita, na ukiendelea kuanguka unaweza kuondolewa kabisa. Hapo tunaongelea kodi ya nyumba, bima ya mtoto na pesa za kutuma nyumbani.

Sasa isome hiyo orodha tena ukiwa na mwili wa mtu aliyejifungua juzi. Misuli ya tumbo imeachana katikati ili mtoto apate nafasi, na hairudi pamoja kwa sababu afande amepiga kelele. Misuli ya chini, ile inayoshikilia kibofu, imevutwa hadi mwisho. Akiruka au akikimbia, mkojo unamtoka. Kama alipasuliwa, kisu kilipita kwenye ngozi na tabaka kadhaa hadi kwenye mji wa mimba. Damu ilipotea. Usingizi ni wa vipande vipande. Na kama ananyonyesha, mwili huo uliochoka unaendelea kutengeneza chakula cha mtu mwingine usiku na mchana.

Na planki ni afadhali. Mtihani huu ulipobuniwa, mahali pake palikuwa na zoezi la kuning'inia kwenye chuma na kuvuta magoti hadi yaguse viwiko. Mtu ambaye tumbo lake bado liko wazi katikati aning'inie, ajikunje kama panya buku. Liliondolewa 2022, baada ya makelele mengi.

Hadi mwaka huo, mwanajeshi wa Marekani alipewa siku 180 baada ya kujifungua, kisha mtihani. Aprili 2022 siku zikawa 365. Wenyewe wanaiona hiyo kama zawadi, lakini haikushuka kutoka mbinguni. Akina mama waliovaa hizo sare ndio waliosukuma, wakaandika, wakasumbua mpaka wakasikizwa. Heshima kwao.

Lakini hata siku 365 ni kalenda, na mwili hausomi kalenda. Mwingine atakuwa tayari miezi saba. Mwingine, baada ya mshono kuingia uchafu na mimba iliyomlaza kitandani, mwaka utaisha na bado hawezi kukimbia bila kuumia. Tarehe haijui tofauti yao. Inachofanya ni kuhesabu siku alizokuwa nje ya mtihani, kana kwamba alikuwa likizo Diani.

Linganisha na buda aliyevunjika goti akicheza mpira kambini. Anapasuliwa. Anapewa mtaalamu wa viungo, ratiba, mazoezi ya kupanda polepole, na karatasi ya daktari inayosema bado. Hakuna anayemwambia adui hatangoja goti lako. Hakuna anayemwambia alijitakia, ingawa mpira alienda kuucheza mwenyewe. Goti linatibiwa. Uzazi unasubiriwa tu upite. Wamarekani wana mpango wa mazoezi ya wajawazito na waliojifungua, ndiyo, na ni hatua. Lakini mazoezi ya kikundi hayajachukua nafasi ya mtu aliyesomea kukagua ile misuli, mama mmoja mmoja, kabla hajaambiwa kimbia.

Hapa ndipo msee wetu hurudi na silaha yake ya mwisho: "Kwa hivyo mnataka washushe alama?"

Hapana. Weka alama palepale. Kwa kazi za mapigano, sasa huko Marekani alama ya kupita ni moja kwa mwanamume na mwanamke, na sina ugomvi na hilo. Risasi haiulizi jinsia. Ninachokataa ni mtihani wa nguvu kugeuka mtihani wa nani alipona haraka. Mwanamke aliyepita mtihani huo miaka minne mfululizo kabla ya mimba ameshaonyesha anaweza. Akianguka mwezi wa kumi na tatu baada ya kuzaa, umejua kwamba hajapona. Ungempeleka kwa daktari ungejua hivyo hivyo, bila kumharibia faili. Na jeshi likimtupa, limetupa miaka ya mafunzo lililoyalipia lenyewe.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Mwaka wa 2019 wataalamu wa Uingereza walitoa mwongozo wa kurudi kukimbia baada ya kujifungua. Wakasema usianze kabla ya miezi mitatu, na hata hapo ukaguliwe kwanza. Kuanza, yaani kujaribu polepole. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi. Siku ambayo mwili unaruhusiwa kuanza kujaribu ndiyo siku anayotakiwa kuripoti. Muulize soja wa kike anayesimama kwenye mlango wa supamaketi saa kumi na mbili kwa siku.

Na hiyo miezi mitatu, kwa sheria hiyo, haimhusu mwanajeshi. Kifungu cha 3 kinasema wazi kwamba Sheria ya Ajira haitumiki kwa jeshi, wala polisi, wala askari jela, wala NYS. Haki za mwanajeshi wa kike aliyejifungua zinakaa kwenye kanuni za jeshi lenyewe. Tangazo la kuajiri makurutu wa KDF nalo linamkumbusha kila msichana kwamba asiwe na mimba siku ya kuajiriwa, na asiipate akiwa mafunzoni.

Halafu tunaonyeshwa Fatuma Ahmed. Aliingia jeshini 1983, enzi za kikosi cha wanawake kilichotengwa, akawa Meja Jenerali 2018, mwanamke wa kwanza Kenya. Nampigia saluti. Lakini mtu mmoja aliyefika juu ya mlima hathibitishi kwamba kuna barabara.

Barabara ingeanzia kwenye Katiba. Kifungu cha 24 kinataja haki ambazo sheria inaweza kumpunguzia mwanajeshi: faragha, kujiunga na vyama, maandamano, haki za kazi, haki za kiuchumi na kijamii, haki za anayekamatwa. Kifungu cha 27, kinachokataza ubaguzi na kutaja ujauzito kwa jina, hakimo kwenye orodha hiyo. Waliokiacha nje walijua wanachoandika.

Kwa hivyo madai ni madogo, na yanafaa Nairobi kama yanavyofaa Texas. Mwanajeshi aliyejifungua akaguliwe na mtaalamu kabla ya kuwekewa saa. Apewe matibabu ya viungo kama yule wa goti. Tarehe ya mtihani iandikwe na daktari, na mtihani wa kwanza akiuanguka usiguse cheo chake. Baada ya hapo mpime kwa alama zilezile. Na yule anayesema kipimo ni kipimo akikataa hata hivyo, basi tujue shida yake haikuwa kipimo. Ni kwamba hakutaka akina mama wawe jeshini, na anaomba saa iseme hivyo kwa niaba yake.