Dawa ya deni kulipa, si kubadili jina!

Kijana, ukisikia halmashauri yako imevunjwa, usikimbilie kushangilia. Uliza kwanza: madeni yake kabeba nani?

Mwaka 1879 vigogo wa jimbo la Alabama, Marekani, waliufuta mji wa Mobile uliokuwa umeelemewa na madeni ya hati fungani. Wakaunda kitu kipya, Bandari ya Mobile. Watu wale wale, ardhi karibu ile ile! Mdai mmoja, Watson, akagoma kuchezewa shere. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakata mzizi wa fitina: aliyerithi mji karithi na madeni, atoze kodi alipe.

Kodi hiyo hutoka mfukoni mwa mkazi. Basi piga kelele siku wanaposaini mkopo, si siku wanapobadili kibao.