Nilijua Bratislava kabla sijajua Kehancha

Wacha nianze na uongo niliosema.

Ilikuwa mwisho wa muhula wangu Ujerumani. Mitihani nimemaliza, kibali changu kimebakisha wiki tatu, na kwenye akaunti nimebana pesa kidogo ya skolashipu. Nikafanya ile kitu wanafunzi wa huko hufanya: nikanunua pasi ya treni, nikafunga begi moja la mgongoni, nikatoka peke yangu. Leipzig, Dresden, Prague, Vienna, Budapest, Bratislava, halafu nikarudi. Nchi tano, na sikuwa najua mtu hata mmoja kwenye hiyo njia yote.

Sasa niko Bratislava, jikoni kwa hosteli ya wasafiri, nachemsha indomie. Msichana mmoja anayesomea usanifu wa majengo akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kenya. Kawaida ukisema Kenya unaulizwa simba ama wanariadha. Huyu akauliza, "Uko karibu na Thimlich Ohinga?" Alilitamka vibaya, lakini ndilo. Kumbe walikuwa wamesoma darasani kuhusu kuta za mawe zinazojengwa bila saruji. Akauliza kama nimewahi kufika.

Mimi ni wa Homa Bay. Sekondari nilisomea Migori miaka minne, kaunti yenyewe ambayo hayo maboma yako. Nikamwambia, "Ndiyo, nimefika."

Sikuwa nimefika. Akauliza kukoje ndani. Nikasema, "Kukubwa." Wasee, hiyo ndiyo ilikuwa maelezo yangu yote kuhusu mahali ambapo UNESCO iliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kukubwa.

Usiku huo sikulala vizuri, na haikuwa indomie.

Najua vile posti za "nilisafiri Ulaya" huwa. Picha ya dirisha la treni, milima, kahawa, maneno matatu kuhusu kujipata. Yangu si hiyo. Safari ilikuwa tamu, sitadanganya. Kutoka Dresden kuingia Prague reli inafuatana na mto, na unaweza kukaa masaa mawili bila kushika simu. Lakini pia nilikosa treni moja ya kuunganisha nikalala kwa benchi la stesheni nikiwa nimekumbatia begi. Na kwenye mpaka mmoja maafisa waliingia behewani na kuomba pasipoti ya mtu mmoja tu. Behewa lilikuwa limejaa. Unaweza kubahatisha walimchagua nani. Kwa hivyo sikuja hapa kuwauzia Ulaya.

Nimekuja kuwaambia kitu kimoja nilichoona huko ambacho kinanisumbua hadi leo.

Vienna na Bratislava ni miji mikuu ya nchi mbili, lugha mbili tofauti kabisa. Treni kati yao inachukua kama saa moja. Umbali wenyewe hauachani sana na Homa Bay mjini hadi Migori mjini. Hadi 1989 kulikuwa na ua wa waya na walinzi wenye bunduki katikati yao. Leo watu wanavuka asubuhi kwenda kazini na jioni wanarudi kupika. Hiyo haikutokea yenyewe. Walikaa chini wakaamua kwamba watu wasiojuana wataishia kupigana tena, na wakaanza kulipia watu wajuane. Tangu 2018 Umoja wa Ulaya una mpango unaoitwa DiscoverEU. Ukifikisha miaka 18, unaomba, na ukichaguliwa unapewa pasi ya treni ya bure utembee nchi za majirani hadi siku 30. Hauendi kusoma wala kutafuta kazi. Unaenda kuona tu.

Sasa tuulizane ukweli. Wewe ulipofikisha 18, ulipewa nini? Mimi nilipewa kitambulisho, na mwaka wa uchaguzi ulipofika nikaambiwa nisiende pande fulani.

Nimekulia kwenye nyumba ambayo mtu yeyote akitaja Kuria, kuna mjomba atatoa kichekesho cha ng'ombe walioibiwa. Kila mara. Tunacheka. Nina uhakika nao wana vichekesho vyao vya Wajaluo na mdomo mkubwa na suti za mkopo. Miaka minne nikiwa bweni Migori, Kehancha ilikuwa safari ya asubuhi moja tu, na sikuwahi kuenda. Darasani kwetu kulikuwa na wasichana Wakuria wawili. Najua walichopata hesabu. Sijui kwao kukoje.

Kwa nini? Si pesa pekee. Nadhani ni lile swali.

Niliporudi nyumbani nilimwambia dani kwamba Ijumaa naenda Migori, halafu Kehancha, halafu Thimlich. Akaweka kikombe chini. "Idhi ir ng'a?" Unaenda kwa nani?

Hilo ndilo swali letu. Sisi hatuendi mahali, tunaenda kwa mtu. Unaenda kwa shangazi, kwa matanga, kwa harusi, shuleni, hospitali. Ukisema unaenda tu kuona, kuna mambo mawili yanayofikiriwa: ama una mwanaume huko, ama kichwa hakiko sawa. Na kwa msichana ni mara mbili. Mathe alinisindikiza hadi uwanja wa ndege nikienda Ujerumani, akilia kwa furaha. Nikienda Kehancha alinipigia simu mara nne kabla sijafika Rongo.

Siwalaumu. Swali la "kwa nani" lina mapenzi ndani. Maana yake ni: ukiugua, nani atakupa maji? Ulaya hakuna aliyeniuliza naenda kwa nani, na kuna usiku Budapest ningelipa mtu aniulize. Lakini swali hilo hilo limetufungia. Kama lazima uwe na mtu wenu mahali ndiyo uende, basi utaenda tu mahali wenu wako. Utamaliza dunia ukizunguka ukoo.

Basi nikaenda. Matatu ya Homa Bay hadi Rongo, nyingine hadi Migori, nyingine hadi Isebania, na ya mwisho hadi Kehancha. Njia nzima nilikuwa na woga ambao sikuwa nao Prague, na hiyo ndiyo iliniaibisha zaidi. Niliogopa watu wa saa chache kutoka kwetu kuliko watu ambao lugha yao siwezi hata kusoma kibao cha choo.

Kehancha ni mji wa kawaida. Maduka, boda, mahindi ya kuchoma, watu wako na shughuli zao. Niliingia kibandani nikaitisha chai na mandazi. Mama mwenye kibanda akanisikiliza vile naongea, akajua mara moja. "Wewe ni Mjaluo. Umekuja kwa nani?"

Manze, nilicheka hadi chai ikamwagika. Swali ni lile lile! Nikamwambia sijaja kwa mtu, nimekuja kuona. Akanitazama vile dani alinitazama, kikombe hewani. Halafu akavuta kiti. Tuliongea kama saa moja. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, mpaka uko hapo na Wakuria wako pande zote mbili, Kenya na Tanzania. Akaniambia dada yake ameolewa Tarime na humtembelea kila akipata nafasi, anavuka Sirari kama anaenda sokoni. Nikamuuliza kama amewahi kufika Homa Bay. Akasema, "Hapana. Nitaenda kwa nani?"

Sasa unaona. Alikuwa amevuka hadi nchi nyingine mara nyingi, na mimi nimevuka tano. Kati yake na mimi kuna barabara ya lami na hakuna aliyewahi kuitumia.

Siku iliyofuata nilienda Thimlich Ohinga, kupitia barabara ya Muhuru Bay na kisha boda kwenye vumbi. Kukubwa, kwa hivyo angalau hapo sikudanganya. Kuta zinapita mita nne mahali pengine, mawe juu ya mawe, bila tone la saruji, na zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Milango ni mifupi, lazima uiname kuingia, ili adui aingie kichwa kwanza. Kwenye mwamba kuna vishimo vya bao, ule mchezo sisi tunaita ajua. Watu walikuwa wanalinda mifugo na wanacheza, maisha yenyewe.

Lakini kilichonimaliza ni hiki. Nilikuwa nimeenda nikidhani ni maboma ya "sisi". Jina ni la Kijaluo, si ndiyo? Kumbe waliokaa mle walipokezana kwa mamia ya miaka: watu wa lugha za Kibantu, na baadaye Wajaluo. Mmoja alihama, mwingine akaingia, akarekebisha ukuta wa mwenzake akaendelea kuishi. Hakuna anayeweza kusimama hapo aseme hii ni ya kabila letu peke yetu. Ningejua hilo nikiwa kidato cha pili, vichekesho vya mjomba vingenichekesha kidogo sana.

Najua mnachotaka kusema, kwa hivyo wacha niwajibu.

"Ni rahisi kwako, umeenda Ulaya." Kweli, nilibahatika. Viza ya kawaida ya Schengen ni euro 90 tangu 2024, na wakikunyima hairudi. Wengi wetu hatutaenda, na si kwa sababu hatuna akili. Ndiyo maana naongea kuhusu Kehancha. Siku tatu zangu, fare, kulala, chakula na kiingilio cha Thimlich, zilinila kama shilingi 4,200. Usiku mmoja Vienna, kitanda kimoja kwenye chumba cha watu wanane, ulinila karibu hizo hizo. 4,200 bado ni pesa, najua. Lakini kuna watu hapa walichanga zaidi ya hiyo kwa keki ya bathdei.

"Hatuna treni." Hatuna. Reli ilifika Kisumu 1901 na upande wetu huu haikuwahi kuteremka. Lakini barabara ya kutoka Kisumu hadi Isebania iko, na matatu haikosi. Treni haikunifundisha chochote huko, ni kushuka ndiko kulinifundisha.

"Si salama kwa msichana." Hiyo siwezi kuipuuza. Nilisafiri mchana tu, nilifika kabla ya saa kumi, nililala mahali nilipouliza kwanza kwa simu, na mathe alikuwa na namba ya kila boda. Kama hujisikii, nendeni wawili. Lakini tusidanganyane kwamba tunaogopa barabara tu. Kuna wasichana hapa wanapanda basi la usiku kwenda Nairobi bila mtu kuuliza.

Na kwa serikali zetu mbili za kaunti nina ombi dogo. Mnatoa basari kila mwaka, asanteni. Tengeni kiasi kidogo cha kupeleka watoto. Mtoto wa Mbita akae wiki moja Kehancha kwenye nyumba ya mtu, na wa Kehancha aje Rusinga, avuke daraja, aoneshwe kaburi la Tom Mboya. Mboya mwenyewe alisoma mwaka mmoja Oxford, na mwaka wa 1959 akawatafutia wanafunzi wenzetu ndege ya kwenda Marekani, 81 kwa mara ya kwanza. Alijua kijana akiondoka kwao anarudi na macho mengine. Mimi nasema si lazima aondoke mbali hivyo. Tamasha za drama hazitoshi, huko tunaenda na basi la shule, tunalala bweni na wenzetu, tunapoteza kombe, tunarudi tukiwachukia zaidi.

Wakati kaunti inafikiria, sisi tunaweza kuanza. Chagua mahali pamoja kwenye kaunti jirani ambapo hamna mtu wenu. Nenda asubuhi, kunywa chai, ongea na mtu, rudi.

Yule msichana wa Bratislava nilimwandikia. Nilimwambia ukweli, kwamba nilidanganya, na sasa nimefika. Nikamtumia picha za milango. Akajibu haraka sana, akauliza naweza kumpeleka akija Kenya.

Nikamwambia ndiyo. Na tukipita Kehancha na mama wa chai atuulize tumekuja kwa nani, safari hii nina jibu. Tumekuja kwake.