Mkopo wa nyumba: Hesabu miaka kabla ya kuhesabu marejesho

Mfanyabiashara akiingia benki kuulizia mkopo wa nyumba, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: "Kwa mwezi nitalipa ngapi?" Ofisa hubonyeza mashine yake, hutaja kiasi, na kama mteja ameguna, huongeza miaka ili kiasi kipungue. Mteja huondoka akiamini kwamba amepunguziwa. Kwa maoni yetu, hapo ndipo anapoumia.

Tupige hesabu. Taarifa za Benki Kuu ya Tanzania zinaonyesha kuwa riba ya mikopo ya nyumba, ambayo mwaka 2010 ilikuwa zaidi ya asilimia 20, katika miaka ya hivi karibuni imekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Tuchukue asilimia 17, ikipigwa juu ya salio, kwa mkopo wa shilingi milioni 50.

Kwa miaka 10, mkopaji atalipa kama sh. 869,000 kila mwezi, na mpaka anamaliza atakuwa ametoa shilingi milioni 104. Kwa miaka 15, atalipa kama sh. 769,500 kwa mwezi, na jumla itakuwa milioni 138.5. Kwa miaka 20, atalipa kama sh. 733,400 kwa mwezi, na jumla itafika milioni 176.

Msomaji aangalie tena tarakimu mbili za mwisho. Kutoka miaka 15 kwenda 20, nafuu ya kila mwezi ni sh. 36,000 tu. Gharama ya nafuu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 37. Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye angekubali bei ya namna hiyo kwa jora la kitambaa, lakini kwa nyumba tunaikubali kwa sababu tumetazama mwezi mmoja badala ya safari nzima.

Sababu yake si ngumu. Katika mwezi wa kwanza wa mkopo huo wa miaka 20, riba peke yake ni sh. 708,000. Katika sh. 733,400 ulizolipa, ni kama sh. 25,000 tu zinazogusa deni lenyewe. Baada ya mwaka mzima utakuwa umelipa shilingi milioni 8.8, na deni litakuwa limeshuka kwa sh. 325,000 hivi. Wengi hugundua jambo hili pale wanapotaka kuuza nyumba mwaka wa tatu na kukuta bado wanadaiwa karibu kila kitu.

Hatusemi kwamba mikopo hii ni mibaya. Wanaokumbuka wanajua tulikotoka. Benki ya Nyumba Tanzania ilifungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mtu wa kawaida hakuwa na pa kwenda. Alijenga kwa tofali moja moja. Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008, na kuanzishwa mwaka 2010 kwa TMRC, kampuni inayoyakopesha mabenki fedha za muda mrefu, ndiko kulikofungua tena mlango. Benki inayotegemea amana ambazo wateja wanaweza kuzichukua kesho haiwezi kukopesha kwa miaka 20 bila kuwa na mahali pa kuegemea.

Hata kujenga polepole si bure kama tunavyojidanganya. Fedha iliyolala kwenye msingi usio na kuta kwa miaka minane haizai kitu, na muda wote huo mwenye nayo anaendelea kulipa kodi ya pango, huku saruji na nondo zikipanda bei. Riba ipo hapo pia. Tofauti ni kwamba hakuna anayekuandikia.

Kwa hiyo mfanyabiashara achague nini? Kwanza ajue aina za mikopo iliyopo. Upo mkopo wa kununua nyumba iliyokwisha, ambapo benki kwa kawaida humtaka mnunuzi atoe sehemu ya bei kutoka mfukoni. Upo mkopo wa kumalizia nyumba iliyokwama. Upo pia mkopo wa fedha taslimu kwa dhamana ya nyumba uliyo nayo. Na yapo mabenki yanayofuata sharia ya Kiislamu, ambayo badala ya kutoza riba hununua mali na kumuuzia mteja kwa faida inayotajwa mapema.

Kwa mtu wa biashara mwenye kiwanja na boma lililofika kwenye lenta, tunadhani mkopo wa kumalizia ndio wenye akili zaidi. Deni ni dogo, miaka ni michache, na kodi ya pango inakoma mapema. Anayetaka nyumba iliyokwisha heri achague ndogo anayoweza kuilipa kwa miaka 10 kuliko kubwa ya miaka 20.

Jambo la pili ni jinsi riba inavyopigwa. Wapo wakopeshaji wanaotangaza asilimia 10 kwa mkopo wa miaka mitano, na mteja akaona amepata neema. Auliize kama asilimia hiyo inapigwa juu ya salio linalopungua au juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa milioni 10, riba inayopigwa juu ya mkopo wote ni milioni moja kila mwaka, hata pale unapokuwa umebakiza deni la milioni mbili. Marejesho yatakuwa sh. 250,000 kwa mwezi. Mwenye mkopo wa asilimia 17 juu ya salio atalipa sh. 248,500. Asilimia 10 hiyo, basi, ni ghali kuliko asilimia 17.

Jambo la tatu ni mtaji. Tumewaona watu wakitoa fedha za mzigo kulipia sehemu ya kwanza ya nyumba, kisha rafu zikabaki tupu, na marejesho yakashindikana kwa sababu duka lililokuwa liyalipe limekufa. Duka ndilo linaloilipa nyumba, si nyumba inayolilipa duka. Mtaji unaozunguka usiguswe. Anayepanga kukopa mwakani aanze leo kupitisha mauzo yake benki na kuweka vitabu, maana fedha ya kwenye droo haina ushahidi mbele ya mkopeshaji.

La nne ni karatasi. Benki inataka hati, na barua ya serikali ya mtaa peke yake si hati. Usilipe dalali wala muuzaji kabla hujapeleleza ardhi ofisini na kujua kama nyumba haina rehani nyingine. Na kwa walio katika ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Wapo wanaoiona ridhaa hiyo kama usumbufu. Sisi tunaiona kama kinga, kwa sababu siku ya mnada hatoki mtu mmoja, hutoka mama na watoto na vyombo vyao.

Ipo hoja dhidi yetu, nayo ina uzito. Wengine husema: biashara ina miezi mizuri na mibaya, hivyo chukua mkataba wa miaka 20 wenye marejesho madogo, kisha ulipe zaidi miezi ya mavuno. Tunakubali, kwa masharti mawili. Mkataba useme wazi kwamba kulipa mapema hakuna faini, na kwamba fedha ya ziada inapunguza deni lenyewe. Na mkopaji awe mtu wa kujibana kweli, si wa kusema "mwezi ujao" kwa miaka 20.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikaa mbele ya ofisa wa mikopo, acha kuuliza "kwa mwezi ngapi" kwanza. Anza na haya: mpaka namaliza nitakuwa nimetoa shilingi ngapi? Riba inapigwa juu ya nini, na inaweza kubadilishwa? Nikilipa mapema inakuwaje? Omba uandikiwe majibu kwa miaka 10, 15 na 20, uyapeleke nyumbani, uyasome na mwenzako. Benki itakuwapo wiki ijayo. Sahihi ukishaiweka, haifutiki.