Viza inawamaliza wanariadha kabla hawajakimbia!

Julai 2022 Ferdinand Omanyala, Mkenya wa sekunde 9.77 kwenye mita 100, alitua Marekani saa chache tu kabla ya mchujo wa mashindano ya dunia pale Eugene. Viza ilichelewa! Katoka airport, moja kwa moja uwanjani, akaishia nusu fainali.

Na huyo ni staa. Sasa mchukue dogo wa Kiloleli, Simiyu, anayekimbia na raba za mtumba. Ubalozi uko Dar, zaidi ya kilomita 1,000. Ada dola 185, ukinyimwa hairudi. Sheria ya Marekani inamhesabu kila mwombaji wa viza ya matembezi kama mhamiaji mpaka athibitishe kwamba atarudi kwao. Athibitishe na nini, hati ya nyumba? Mtu ana mwaliko na anaenda siku kumi tu, jamani! Dharau hiyo.

Mabosi wa riadha nao wasijifiche nyuma ya ubalozi. Ratiba ya mashindano ya dunia inajulikana miaka kabla. Makaratasi ya vijana yanasubiri nini mezani kwao?